TAHADHARI: Muuza matairi wa Majengo, Dodoma, anafunga matairi ya 2014 kwa bei ya mapya

Wakuu, nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Wenye pikapu za mizigo, Cruiser, Hilux, Ranger na jamii yake, soma hii kabla hujamtumia mtu hela ya matairi ya A/T (ya lami na njia mbovu kwa pamoja) hapa Dodoma mjini.

Kazi yangu ni kubeba mizigo kwa Cruiser, kutoka Dodoma mjini kupita Mbande na Mpwapwa mpaka Kibakwe. Njia ya Kibakwe tairi lilinipasukia mteremkoni, kila mtu ana lake la kusema, na kuna wanaosema nilizidisha mzigo. Mzigo sikuzidisha. Nimeuziwa takataka na mtu aliyeniangalia machoni akaniita mzee wangu.

Matairi ya zamani yalikuwa vipara, ya nyuma waya umeanza kuchungulia. M/T, yale ya matope, sikuyataka, yanapiga kelele kwenye lami na yanaisha haraka, na mimi kutoka mjini mpaka Mbande ni lami tupu. Matairi ya kawaida nayo, ukishaiacha Mpwapwa ukaanza kupanda Kibakwe, mawe yanayachana ubavu. Kwa hiyo nilitaka A/T, saizi 265/70R16, plai kumi (kipimo cha nguvu ya tairi kubeba mzigo). Nikazunguka maduka makubwa, bei zao kwa matairi manne ni ada ya mtoto ya mwaka mzima. Ndipo nikaelekezwa kwa huyu jamaa, na aliyenielekeza ni mtu ninayemheshimu. Yeye alinunua pale na matairi yake yanatembea mpaka leo.

Nimefika kwenye kontena lake, hakunirukia kama wengine. Akamaliza kumhudumia dereva wa Fuso, akanawa mikono, akaja. "Shikamoo mzee." Akauliza gari gani, unabeba nini, unapita njia zipi. Nikamwambia nilifikiria 285 ili yawe mapana kidogo. Akakataa! "Hapana mzee wangu, 285 ukikata kona na mzigo yatasugua matigadi, hela yako itapotea bure. Baki na 265." Niambieni, muuzaji anayekukataza kununua kitu cha bei kubwa zaidi, wewe usingemwamini? Usinijibu kwa kuwa leo unajua mwisho wake. Jibu kama vile umesimama pale mbele yake.

Akashusha tairi moja ukutani, akachuchumaa, akafuta ubavu wake kwa kitambaa, akaweka kidole kwenye kile kiduara chenye namba nne. 1124. "Soma mzee. Kumi na moja ni wiki, ishirini na nne ni mwaka. Tairi la 2024 hili, usikubali mtu akuuzie bila kukuonyesha hapa." Yeye mwenyewe ndiye aliyenisomesha tarehe! Nikapitisha mkono: raba laini, vinyweleo vya mpira bado viko kwenye meno, stika ya njano imeandikwa 10PR, yaani plai kumi. Laki tatu na nusu kwa moja. Nikasema sawa, nifungie manne.

"Kaa kivulini mzee, vijana watafunga." Nikaletewa soda. Lile la 1124 likarudishwa ukutani, na manne yaliyofungwa yakatoka nyuma ya kontena yakiwa kwenye nailoni. Ua la meno lilelile, jina lilelile. Vijana wakayafunga upande wenye tarehe ukiangalia chini ya gari. Matairi mengi tarehe kamili ipo upande mmoja tu, kwa hiyo ukizunguka gari kwa nje unaona herufi DOT na namba zinazoishia njiani, tarehe huioni. Nilimuuliza. Akatabasamu: "Ipo kwa ndani mzee, tunafunga hivyo ili maandishi meupe yatoke nje." Na kweli maandishi meupe yalikuwa nje. Jibu lilikuwa na mantiki, nikalipa.

Siku ya Kibakwe nilipakia mifuko ishirini ya saruji, tani moja, mzigo ambao Cruiser haijawahi kuulalamikia. Upepo nilipima mwenyewe asubuhi. Mama mdogo alikaa mbele na mimi. Kwenye mteremko mmoja wa njia hiyo, tairi la nyuma la kulia likaanza kudunda. Kabla sijasimama vizuri, meno yote yakabanduka kama ukanda mmoja, yakawa yanapiga tigadi, pa! pa! pa!, kisha likapasuka. Gari likavutwa upande wa korongo. Mama mdogo alikuwa anamwita Mungu kwa Kigogo na mimi nimeng'ang'ania usukani. Kama angeumia siku ile, huyu kijana nisingekuwa namwandikia, ningekuwa mlangoni kwake.

Fundi pancha wa Mpwapwa ndiye aliyegeuza tairi, akasugua tope kwa bisibisi, akaniita nione. 3514. Akaenda kwenye la pili, 3514. Yote manne. Wiki ya 35 ya mwaka 2014! Raba ilikuwa na mipasuko midogo kwenye mashina ya meno, imezibwa na mafuta meusi ya kung'arisha. Hata watengenezaji wenyewe husema tairi likifika miaka 10 litolewe, hata kama meno bado yapo. Hayo yaliiva juani miaka yote hiyo, halafu yakapakwa mafuta nikauziwa mapya.

Na plai kumi hazikuwepo. Ubavuni imeandikwa 265/70R16 112, bila herufi LT, alama ya tairi la gari dogo la mizigo. Hiyo 112 ni namba ya uzito, maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja. LT halisi ya plai kumi ya saizi hiyo inasomeka 121/118, yaani kilo 1,450 kwa tairi moja likifungwa peke yake kila upande. Ile 10PR ilikuwa karatasi tu, fundi aliibandua kwa ukucha.

Nilimpigia. "Mzee, barabara zenu mbovu, usinisingizie." Tangu hapo namba yangu haiingii kwake.

Huyu mtu afungwe. Sisemi aonywe, sisemi alipe faini kisha arudi kontenani Jumatatu. Akae gereza la Isanga. Lile kontena lifungwe, matairi yote yatolewe nje mchana watu wayaone, yaharibiwe. Na wale vijana wanaofunga nao waulizwe, maana wanajua upande gani wanauficha. Malalamiko nimeyaandika, kwa FCC (Tume ya Ushindani) na kwa TBS (Shirika la Viwango), na polisi wana maelezo yangu, ndiyo maana jina la duka siliandiki hapa. Wa mjini mmeshajua ni nani.

Dalili zilikuwepo. Risiti ya EFD hakutoa, alisema mtandao wa mashine umegoma, akaniandikia kikaratasi chenye muhuri wa duka jingine. Lipa namba ilileta jina ambalo si lake. Matairi ya kufunga hayakutoka mahali pamoja na lile la kuonyeshea. Tarehe isomwe kwenye kila tairi likiwa chini, kabla halijagusa rimu, na LT na ile namba ya uzito zisomwe kwenye raba yenyewe, stika achana nayo. Akigoma, ondoka. Lakini msinigeuzie kibao kwamba kosa ni la mteja, aliyepaka mafuta matairi yaliyooza si mteja.

Uliyenunua pale, leo hii ingia chini ya gari na tochi, soma zile namba nne kwa ndani, ukianza na ya nyuma. Ukikuta zinaishia na 14, usipakie kitu, piga picha, tunza kile kikaratasi, nitafute. Jumatatu asubuhi narudi kituoni, na nataka tuwe wengi.