Nilivyopata kibodi na kipanya vinavyoelewa Kiswahili changu

Nafanya kazi ya kufasiri, na siku nyingi naandika kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mwaka juzi kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilianza kuniuma. Mwanzoni nililaumu kiti, kisha meza. Baadaye ndipo nikazitazama herufi zenyewe ninazoandika. Chukua sentensi hii: "Watu walikaa nyumbani wakatazama mvua." Ina herufi 33, na 11 kati ya hizo ni "a". Kwenye QWERTY, yaani mpangilio wa vitufe wa kibodi za kawaida, "a" zote hizo ni mzigo wa kidole kile kimoja, kilicho dhaifu kuliko vyote. Mpangilio huo ulizaliwa Marekani miaka ya 1870 kwa ajili ya Kiingereza. Sisi tumeupokea tu.

Nikaanza kutafuta kibodi ninayoweza kuipanga upya. Ya kwanza niliyonunua ilikubali mabadiliko, lakini yalikaa kwenye programu ndani ya kompyuta. Nikiichomeka kwenye kompyuta ya mteja, kila kitu kinarudi kama zamani. Nilisikitika sana, maana haikuwa rahisi kwa bei.

Hapo ndipo nilipojifunza swali la kumuuliza muuzaji: mipangilio inahifadhiwa wapi? Ukisikia QMK au VIA, sikiliza vizuri. QMK ni programu huria inayokaa ndani ya kibodi yenyewe, na VIA ni ukurasa unaofungua kwenye Chrome au Edge, unabofya kitufe, unachagua kazi mpya, na inaanza papo hapo. Huzimi wala kuwasha chochote.

Nilichukua kibodi ya Keychron V1, inayotumia QMK na VIA. Nimebadilishana "A" na "F", kwa hiyo sasa "a" iko chini ya kidole cha shahada. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mateso, nakiri. Niliandika "hfbfri" kwa "habari" mara zisizohesabika. Wiki ya tatu vidole vikazoea, na baada ya miezi miwili maumivu yakapungua hadi nikayasahau. (Kama wewe unaumwa, nenda hospitali pia, mimi naeleza yangu.) Vifuniko vya vitufe niliviacha mahali pake, kwa sababu kile cha "F" kina kinundu kinachoongoza kidole bila kutazama.

Kilichonifurahisha zaidi ni herufi Q. Kiswahili sanifu hakiitumii, basi nimeipa makro: nikibonyeza mara moja inaandika ng'. Ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, kung'oa, yote kwa mguso mmoja. Q yenyewe nimeihamishia tabaka la pili la mipangilio, yaani naipata nikishika kitufe cha Fn.

Swichi za kibodi hii, yaani vile vipande vilivyo chini ya kila kitufe, hung'oka kwa kibano kilichomo kwenye boksi, bila kuyeyusha risasi ya kulehemu. Mimi niliagiza za kahawia, kisha upande wa vidole vidogo nikaweka nyekundu, ambazo ni nyepesi zaidi kubonyeza. Kazi ya dakika kumi. Vuta wima tu, na ukirudisha hakikisha miguu ya swichi imenyooka. Ikipinda, kitufe hakitaandika.

Kwa kipanya nilibaki na Logitech G502. Kina vitufe 11 vya kupanga na kumbukumbu yake ya ndani, kwa hiyo nacho kinahama nami. Nakili, bandika na tendua viko kwenye kidole gumba. Kinakuja na vyuma 5 vya kuongeza uzito, gramu 3.6 kila kimoja, vyote nimevitoa.

Jambo moja bado linanikera kwenye makro yangu. Nikishika Shift, haitoi Ng' bali NG", kwa kuwa Shift inagusa kila herufi, hadi ile alama ya mwisho. Kwa hiyo sentensi ikianza na ng'ombe, naandika N, g, na alama yake kwa mkono.