Shindano la Insha kuhusu Ubaguzi wa Rangi, Lubumbashi

Shindano hili, lililowataka wanafunzi wa sekondari waandike juu ya dhuluma za ubaguzi wa rangi, za jana na za leo, linastahili pongezi kwa kuwarudisha vijana kwenye historia ya mji wao wenyewe. Insha iliyonigusa kuliko zote ilianzia Kamalondo, mtaa wa Waafrika wa Lubumbashi enzi za ukoloni: ilieleza jinsi Wabelgiji walivyotenga mji wa wazungu na makazi ya Waafrika kwa uwanda ulioachwa wazi makusudi, kisha ikafika Desemba 1941, ambapo wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira. Msichana aliyeiandika aliisoma mbele yetu polepole, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Sehemu kuhusu ubaguzi wa leo ilikuwa dhaifu zaidi, kwa kuwa wengi walitaja kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi mwaka 2020, bila kukichambua. Lakini kasoro kubwa ni ya waandaaji: insha ziliruhusiwa kwa Kifaransa tu, na hakuna iliyorudishwa ikiwa na maoni ya majaji. Mwakani Kiswahili kipewe nafasi, maana wazee wanaokumbuka enzi hizo husimulia kwa Kiswahili.