Treni za Mumbai: wiki tatu ndani ya behewa la wanawake

Nilikwenda Mumbai kumuuguza mama, si kutalii. Alilazwa hospitali moja maeneo ya Mumbai Central, na vyumba vya wageni huko bei zake zilinishinda, basi nikapata chumba Andheri, kilomita 17 hivi kaskazini. Kila siku nikawa naenda na kurudi kwa treni za ndani ya jiji. Nazipa nyota nne. Ya tano niliiacha stesheni ya Dadar, nitaeleza.

Asubuhi ya kwanza nilitaka kupanda bajaji. Andheri zimejaa kama Kariakoo, tena zinatembea kwa mita, hakuna kubishana. Dereva akatikisa kichwa: bajaji haziruhusiwi kuingia kusini mwa jiji, zinaishia Mahim, toka hapo ni teksi nyeusi na njano. Akanionyesha stesheni kwa kidole, akasema "gaadi". Nikacheka peke yangu barabarani. Neno letu gari lilitoka kwao, ila kwao hata treni ni gari.

Tiketi ya daraja la pili rupia 10, kama shilingi 300 zetu. Hata nauli ya daladala haifikii. Nikashuka jukwaani nikakuta watu wamesimama kimya, kila mtu kwenye sehemu yake kama waliochorewa chaki. Treni ikaingia, milango wazi, na kabla haijasimama watu walikuwa wameshaanza kuruka, wengine kushuka, wengine kupanda. Haikai hata nusu dakika. Ya kwanza ikaniacha. Ya pili ikaniacha. Ya tatu mama mmoja mwenye kapu alinishika kiwiko akanisukuma ndani kama mzigo wake mwingine, bila salamu.

Humo ndani ndiko nilikolijua jiji. Benchi la watu watatu hukaliwa na wanne, na huyo wa nne anakaa upande mmoja wa nyonga, mguu mmoja ukiwa njiani. Sikuelewa kwa nini kila anayeingia huwauliza waliokaa, "Kahaan?" yaani wapi? Siku ya tatu ndipo nikang'amua: unamuuliza aliyekaa anashuka kituo gani, akikujibu Bandra, basi kiti chake umeshakiweka nafasi. Akija mwingine kuuliza, wewe ndiye unayeulizwa, na yeye anajipanga nyuma yako. Hakuna karatasi wala konda, lakini ole wako ukae kiti kisicho zamu yako. Mimi nilikaa. Behewa zima lilinigombeza kwa lugha nisiyoijua, nikasimama haraka, kisha yule yule aliyepaza sauti kuliko wote akanisogezea nafasi ya nne. "Baitho, didi." Kaa, dada.

Jioni ndiyo tamu. Wanawake wanatoka kazini wamechoka, mmoja anatoa mfuko wa njegere kwenye mkoba anaanza kumenya mapajani, mwingine anakatakata mboga ili akifika nyumbani ni kubandika tu. Wanapita wauza hereni na vibanio wamevitundika kwenye fremu kubwa, wanajipenyeza pale ambapo wewe huwezi hata kuinua mkono ujikune. Nilinunua hereni jozi tatu. Bado nazivaa.

Sasa Dadar. Hapo njia ya Magharibi inakutana na ya Kati, na watu wanaoingia ni kama bahari inayojaa. Pale hushuki, unashushwa. Mara mbili nilishushwa wakati siendi huko, mara moja kandambili ikabaki ndani ya behewa nikafika wodini na mguu mmoja mtupu. Mtandao huu hubeba watu takriban milioni 7 kwa siku, laki sabini kwa hesabu yao (laki nayo tuliichukua kwao), na saa mbili asubuhi unawahisi wote mgongoni. Kuna wanaoning'inia mlangoni, na wapo wanaokufa kwa hivyo. Usiwaige. Mwenye mgonjwa au mtoto asubiri saa tano.

Angalieni pia ubao: S ni ya polepole, inasimama kila kituo, F ni ya haraka. Nilitaka kuona Dhobi Ghat, ile dobi kubwa ya wazi iliyo kando ya stesheni ya Mahalaxmi, nikapanda F. Mashuka meupe yakapita dirishani nayaona hivi hivi. Nikarudi na S, nikasimama darajani kama saa nzima nikiwatazama madobi wakipiga nguo kwenye mabirika ya zege.

Mama aliporuhusiwa alitaka kuipanda. Nilimsimulia kila siku kitandani, njegere na hereni, ikawa kama hadithi yake ya kulalia. Daktari akakataa katakata, kifua bado kibichi. Tukachukua teksi. Foleni ilitukamata karibu na Mahim, tukakaa pale mpaka dereva akazima injini, na treni ikapita upande wa pili, watu wamejaa mlangoni.

"Ndiyo hiyo?" mama akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Akainyooshea shingo mpaka behewa la mwisho. "Sasa wa njegere wanakaa wapi humo?"