Intaneti ya nyumbani Bamburi: nilivyochagua na ninachouliza kwanza

Ninafundisha Kiswahili mtandaoni. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani na Uingereza, na masomo yote nayaendeshea nyumbani kwetu Bamburi, Mombasa. Intaneti ikikatika katikati ya somo sina pa kukimbilia: mwanafunzi ameshalipa na saa inakwenda. Nyumbani tuko watu wazima watatu na watoto wawili, na magharibi ikiingia kila mmoja anaitaka. Kwangu mimi basi, habari ya intaneti ni habari ya riziki. Nimetumia kampuni mbili za faiba, yaani intaneti inayopita kwenye uzi wa kioo, na kati yake nikakaa kwa muda na ruta ya 4G. Nilichojifunza ni kwamba kasi iliyoandikwa kwenye bango ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni nani atapanda nguzo waya ukikatika, na atafika lini.

Majina Mombasa yapo tele. Kuna Safaricom, kuna Zuku, kuna Faiba ya Jamii Telecommunications, kuna kampuni ndogo za mitaani zinazorusha mawimbi kutoka juu ya paa, na tangu Julai 2023 kuna Starlink. Nyaya za baharini zenyewe zinatua hapa hapa kwetu: TEAMS na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Lakini kukaa karibu na nyaya hizo hakukufai kitu ikiwa mita mia mbili za mwisho, kutoka nguzo ya barabarani hadi sebuleni kwako, zimefungwa ovyo.

Kampuni niliyoanza nayo sitaitaja jina. Huenda mtaa mwingine inafanya kazi nzuri sana, na hilo ni sehemu ya ninachotaka kusema: kampuni ile ile inaweza kuwa nzuri Nyali na mbaya Kiembeni, kwa sababu mafundi ni tofauti na njia ya waya ni tofauti.

Mchana nilipata kasi niliyolipia. Kuanzia saa moja usiku hadi kama saa nne ilishuka, sura ya mwanafunzi ikaganda, sauti ikakatika. Hizo ndizo saa zangu za kazi, maana ndipo watu wa Ulaya wanapotoka ofisini. Fundi mmoja, kijana mpole aliyekuja kubadilisha kifaa, ndiye aliyenieleza sababu. Alisema faiba haitoki kituoni ikaja kwako peke yako. Uzi mmoja wa kioo unafika mtaani, unaingia kwenye kisanduku, na humo mwanga unagawanywa kwa nyumba 32, pengine 64. Katika mfumo wa GPON, ambao umeenea sana, uzi huo unabeba karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha, yaani kupokea, na 1.25 za kupandisha, yaani kutuma, na nyote mnagawana. Hizo si haba. Shida inakuja kampuni inapozidi kusajili wateja bila kupanua njia inayotoka kituo cha mtaa kwenda nje. Hapo saa za jioni zinakuwa kama feri ya Likoni watu wanapotoka kazini: chombo ni kile kile, abiria ndio wameongezeka.

Tangu siku hiyo sipimi intaneti mchana. Kampuni ikikwambia njoo ujaribu dukani kwetu saa nne asubuhi, mwambie utajaribu kwa jirani saa mbili usiku. Na ukipima usitazame kasi ya kushusha tu. Tazama ya kupandisha, kwa sababu ndiyo inayobeba sura na sauti yako, na tazama ping, yaani muda ambao ujumbe unachukua kwenda na kurudi. Simu ya video inaweza kukushinda kwenye megabiti 50 ikiwa ping inarukaruka.

Lililonihamisha hasa ni matengenezo. Barabara ya Mombasa kwenda Mtwapa ilikuwa inapanuliwa, na penye kuchimbwa nyaya hukatika. Hilo siilaumu kampuni yoyote. Ninacholaumu ni kilichofuata. Ile taa ya LOS kwenye kifaa cha ukutani iliwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki, na mimi nikapiga simu nikaeleza hivyo hivyo. Nikaambiwa nizime ruta niwashe. Nikapewa nambari ya malalamiko na ahadi ya saa 24. Kesho yake aliyepokea simu hakuwa na habari yoyote, tukaanza upya: nizime, niwashe. Mafundi walikuwa wa kampuni nyingine iliyopewa kazi kwa mkataba, na wao walikuwa na foleni yao. Siku zilizopotea hazikufidiwa. Wanafunzi wawili walihamia kwa mwalimu mwingine, na sikuweza kuwalaumu.

Kabla ya kulipa kampuni nyingine nilifanya jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye. Niliwauliza wakaazi wa jumba letu na jumba la jirani. Sikuuliza, "Intaneti yenu ni nzuri?" kwa sababu jibu huwa ni "Iko sawa tu." Niliuliza, "Mara ya mwisho ilipokatika ilikuwaje?" Hapo watu walifunguka. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, anayeuza madera na mitandio kupitia Instagram, aliniambia, "Mwanangu, hawa wangu ikikatika usiku, asubuhi kijana yuko juu ya nguzo. Tena namba yake ninayo." Maneno yake yalinipa zaidi ya matangazo yote niliyosoma.

Mwingine wa kuulizwa ni mlinzi. Mzee wetu wa getini ndiye anayewafungulia mafundi. Anajua kampuni gani inakuja kila wiki kurekebisha kilichorekebishwa juzi, na ipi hajaiona tangu ilipofunga waya. Pia ndiye aliyenieleza kwamba kwenye bomba la ngazini mlikuwa na nafasi ya waya mmoja tu zaidi, na kwamba mwenye nyumba hataki ukuta wa mbele utobolewe. Kuna majumba ambayo kampuni moja tu ndiyo imeingiza waya, na mpangaji hana la kuchagua. Anayetafuta nyumba ya kupanga na anafanyia kazi nyumbani alijue hili kabla hajalipa kodi na dipoziti.

Kuhusu kasi, wengi wanalipia zaidi ya mahitaji yao. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya 1080p na 15 kwa 4K. Zoom ya ubora wa juu inakula kama megabiti 3 hadi 4 kila upande. Jumlisha nyumba yako: somo langu, katuni za watoto, mume wangu akitazama mpira, simu tatu. Hazifiki 30. Watu wengi pia huchanganya megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo laini ya megabiti 30 itashusha faili kwa karibu megabaiti 3.75 kila sekunde, na ukiona 3.7 kwenye kompyuta hujaibiwa.

Bei nazo zimesogea upande wa mteja. Mwaka 2024 Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya nyumbani bila kugusa bei: cha shilingi 2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15, cha 4,100 kikatoka 20 hadi 30. Hata kama hununui kwao, bei hiyo ni kipimo. Kampuni nyingine ikikutajia shilingi elfu tano kwa megabiti 10, unajua la kujibu. Na ukilinganisha na bando za simu hakuna mjadala: nyumba ya watu watano ikinunua bando kila siku, mwisho wa mwezi imelipa pesa nyingi kuliko faiba na bado watoto wanaambiwa wazime video.

Nilichukua megabiti 30 kwa kampuni ya yule mama wa ghorofa ya pili.

Siku ya kufungiwa nilikaa na fundi mwanzo hadi mwisho, na nakuomba nawe ukae naye. Fundi mwenye haraka hupinda waya wa faiba kwenye kona kali, na mwanga huvujia pale. Wetu alikuwa na kipimo kidogo cha mkononi. Nilimwomba anionyeshe akanionyesha: dBm −19. Hicho ni kipimo cha nguvu ya mwanga, na namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, mwanga ni dhaifu zaidi. Alieleza kwamba kifaa cha kawaida huendelea kusoma hadi karibu −27, lakini ukianza na −26 leo, kiungo kikilegea kidogo au vumbi likiingia, taa nyekundu inawaka. Niliipiga picha namba ile na ninayo kwenye simu. Siku intaneti ikisumbua namwuliza fundi sasa inasoma ngapi, na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Halafu kuna suala la mahali pa kuweka ruta. Mafundi hupenda kuiacha pale waya unapoingilia, na kwetu ni nyuma ya mlango, karibu na chumba cha stoo. Nyumba yetu ni ya matofali ya matumbawe, kuta nene, na mawimbi ya Wi-Fi hayapendi kuta hizo. Yale ya 5 GHz yana kasi lakini hufia ukutani. Ya 2.4 GHz hupenya zaidi, ila ni ya polepole na jumba zima linayagombania. Nilimlipa fundi pesa kidogo zaidi avute waya hadi kwenye korido, katikati ya nyumba, na kutoka hapo kebo ya mtandao ikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta yangu ya kufundishia. Kazi ile ya nusu saa ilileta tofauti kubwa kuliko kupanda kifurushi. Ukitaka kujua ubovu uko wapi, chomeka kompyuta kwa kebo upime. Ikiwa kasi ni kamili, shida ni Wi-Fi yako, na kumpigia kampuni hakutakusaidia.

Stima nayo ni sehemu ya intaneti. Baada ya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani, nilinunua UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12, ile ya kubebea ruta na kifaa cha faiba tu. Uzuri wa GPON ni kwamba kile kisanduku cha mtaani cha kugawa mwanga hakitumii umeme hata kidogo. Kituo cha kampuni kikiwa na jenereta na wewe una UPS, unaendelea kufundisha mtaa mzima ukiwa giza. Ndiyo maana kwenye maswali yangu kwa wauzaji nililiweka hili: stima ikipotea, kituo chenu cha mtaa kinakaa saa ngapi? Mmoja alijua. Wengine waliahidi kuniulizia kwa wakubwa wao.

Swali jingine ambalo wauzaji hawalipendi ni la nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaumia. Miezi michache kabla ya hapo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Kampuni iliyonunua njia kwenye waya mmoja inakaa kimya ikisubiri meli ya kutengeneza. Iliyogawa mizigo yake kwenye nyaya tatu au nne inapungua kasi lakini inaendelea. Siku zile watoto wangu walitazama YouTube bila shida, kwa kuwa video zinazotazamwa sana huhifadhiwa kwenye seva zilizo humu nchini, wakati mimi na mwanafunzi wangu wa Hamburg tulikuwa tukisikilizana kwa shida. Kwa hiyo YouTube kufunguka si ushahidi kwamba laini yako ni nzima.

Starlink niliifikiria. Kifurushi cha kawaida kilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi, mbali na bei ya mtambo. Kwa ndugu zangu walioko mashambani Kwale, ambako hakuna waya wala 4G ya maana, ningewaambia wachukue bila kusita. Kwa mtu wa Bamburi mwenye faiba mlangoni, na mnazi wa jirani unaoziba nusu ya anga, sikuona faida. Ruta ya 4G niliyotumia kati ya kampuni mbili bado ninayo. Naiweka laini ndogo kama akiba, kwa siku ya taa nyekundu.

Kampuni niliyo nayo sasa inatoza mapema, tarehe ile ile kila mwezi, kwa M-Pesa. Ukichelewa inakata usiku wa manane, na ukilipa inarudi baada ya dakika chache. Kabla ya kusaini niliomba mambo mawili kwa maandishi: ruta ni ya nani siku nikihama, na kuhamisha laini ni shilingi ngapi. Yakaandikwa. Uliza pia kuhusu kikomo cha matumizi, kwa sababu vifurushi vingi vinavyouzwa kuwa havina mwisho hupunguzwa kasi ukipita kiasi fulani, na kiasi hicho hukaa kwenye ukurasa wa masharti.

Waya umeshakatika nikiwa na hawa pia. Kijana alifika asubuhi yake, akaunga, akanionyesha kipimo: −20. Ninachowadai hadi leo ni taarifa. Wanafanya matengenezo yao usiku bila kutuma ujumbe, na mara moja yaliingilia somo la mwanafunzi aliye Marekani, ambaye usiku wetu ni mchana wake. Nimewaandikia watume ujumbe siku moja kabla. Wamejibu kwamba wamelipeleka kwa wahusika, nami ninaendelea kuwakumbusha kila ninapolipa.