Lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM: apacha ipi, wapi

Wengi huinunua lenzi hii kwa ajili ya ile f/1.8, kisha wanaiacha hapohapo kila picha. Mimi naitumia kwenye bodi (kamera bila lenzi) yenye sensa ya APS-C, ndogo kuliko ya ukubwa kamili, kwa harusi na picha za watu, na naipendekeza bila kusita. Ila f/1.8 ndiyo namba ninayoigusa mara chache.

Apacha ni tundu lililo ndani ya lenzi. Namba yake hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu, ndiyo maana namba ndogo ni tundu kubwa: kwenye f/1.8 tundu lina milimita 28 hivi, kwenye f/8 zinabaki 6 na ushee. Ile lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Hii hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ukumbini, pale ulipohitaji ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya 6400, hapa 640 inatosha kwa kasi ileile ya shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Kwa hilo tu imeshalipa bei yake.

Gharama yake ni kina cha fokasi, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaotoka mkali. Mtu akiwa mita moja na nusu, f/1.8 inakupa sentimita 6 tu zilizo kali. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linatoka safi na jingine lina ukungu. Kwa f/2.8 unapata sentimita 9 hadi 10, kwa f/4 kama 14. Mtu mmoja naanza na f/2.8, bwana na bi harusi waliosimama bega kwa bega, f/4, watu sita kwa mistari miwili, f/5.6 na fokasi naiweka mstari wa mbele. Usifokasi kwa pointi ya katikati kisha ukasogeza kamera kupanga picha, maana kwa tundu kubwa fokasi itahama jichoni. Chagua pointi iliyo juu ya jicho la karibu.

Na usiamini unachokiona kwenye kijidirisha cha kuchungulia: lenzi hukaa wazi kabisa hadi shata ipige, kwa hiyo ukungu unaouona si wa f/8 hata kama ndiyo uliyoiweka. Piga, kisha kuza picha uangalie.

Jua la mchana, ISO 100 na f/1.8 zinadai shata ya 1/8000 ya sekunde. Bodi nyingi ndogo huishia 1/4000, hivyo picha inaungua, nenda f/2.8. Ukitumia flashi ni shida zaidi, kwa kuwa nyingi ya bodi hizo zinaishia 1/200, na hapo jua linakulazimisha f/11. Filta ya ND8 ya milimita 49, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara nane, inakurudisha f/4.

Ndani ya ukumbi wenye taa za LED, picha ikitoka na mistari, weka shata 1/100 au 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz. Baada ya hapo mwanga urekebishe kwa apacha na ISO, shata iache.

Shela jeupe mbele ya dirisha huchorwa ukingo wa zambarau kwenye f/1.8; ukifunga hadi f/4 unapungua sana. Ukali wa juu uko f/4 hadi f/8. Sifiki f/16, picha yote inaanza kulegea.

Kwa umbo, gramu 160, shingo ya chuma, na vibamba saba vya apacha, hivyo taa za nyuma hutoka mviringo. Toleo la 1990 lilikuwa na vitano, zikatoka na pembe. Pete ya fokasi haifanyi kazi kamera ikizimwa, kwa hiyo mdomo wa lenzi uliotoka mbele urudishe ndani kabla ya kuzima.

Pima nafasi pia. Kwenye APS-C, mita 4 zinakupa upana wa mita 1.8 tu, na kumpiga mtu kichwa hadi viatu, kamera ikiwa wima, unahitaji karibu mita 5. Sebule nyingi hazina nafasi hiyo.