Kuseti tapeti: skrubu za Honda Fit au shimu za Toyota 7A-FE?

Kuseti tapeti ni kurekebisha nafasi ndogo kati ya valvu na sehemu inayoisukuma. Injini zote mbili hupimwa zikiwa baridi kabisa. Ikiwa ya moto, kipimo hudanganya.

Fit (injini za L13A, L15A) ina skrubu na nati. Nafasi ya valvu ya kuingiza huwekwa milimita 0.15–0.19, ya moshi 0.26–0.30. Weka pistoni namba moja juu, mwisho wa kubana hewa. Legeza nati, geuza skrubu kwa bisibisi mpaka fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo. Shida huanza hapa: unapokaza nati, skrubu huzunguka nayo. Ishike na bisibisi, kisha pima tena. Ukiruka kipimo hiki cha pili, kazi yote ni bure.

7A-FE hutumia shimu, yaani kisahani cha chuma chenye unene maalumu, juu ya tapeti: 0.15–0.25 kuingiza, 0.25–0.35 moshi. Hapa unahitaji maikromita ya kupima unene wa shimu na kifaa cha kubonyezea tapeti. Valvu ya moshi ikisoma 0.20 na shimu ya zamani ni 2.80, toa 0.10 ili nafasi ifike 0.30: weka 2.70. Shimu huuzwa kwa hatua za 0.05, na kuzipata dukani ni kibarua. Ila zikishakaa, hazilegei.

Tapeti inayogonga, yaani yenye nafasi kubwa, huwasumbua wengi, lakini iliyobana ni hatari zaidi kwa sababu haina kelele. Valvu haifungi sawasawa, joto halihamii kwenye kiti chake, na ukingo wake huungua. Ukilazimika kuchagua, elekea upande wa juu wa kipimo, hasa valvu za moshi.