Miezi minne na chatiboti: nilichopata, na siku iliyoniumbua

Nilianza kuitumia wiki ile niliyorudishiwa propozo na maneno mawili pembeni: "Mapitio yako wapi?" Risechi yangu inahusu wakulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja, na sura ya mapitio ya maandiko ilikuwa inanitoa jasho. Mwenzangu wa hosteli akaniambia nijaribu chatiboti, programu ya akili mnemba (AI) unayoiuliza kwa maandishi nayo ikakujibu. Nikalipia dola 20 za mwezi wa kwanza kwa kadi ya kaka.

Kiingereza inakinyoosha, sikatai. Ukiipa aya iliyopindapinda inakurudishia imekaa sawa, na ukiiuliza kwa nini imebadilisha neno fulani inakueleza, hata iwe saa 8 usiku. Kwenye Kiswahili ndipo inapoyumba. Mwani iliniandikia "magugu ya bahari". Nilipomsomea mama, aliyelima mwani miaka mingi, alicheka mpaka akakaa chini. "Magugu si ndiyo tunayong'oa?"

Balaa lilikuja kwenye marejeo. Niliiomba makala kuhusu ule ugonjwa unaofanya matawi ya mwani yawe meupe na kukatika. Ikanipa sita. Majina ya waandishi nilishakutana nayo, majarida nayajua, mwaka, juzuu na kurasa vyote vipo. Nikazipachika zote bila kufungua hata moja.

Msimamizi wangu hakufoka. Alizungushia kalamu nyekundu ile ya nne, akanigeuzia kompyuta yake. "Nitafutie hii." Jarida nikalipata, juzuu nikalipata, na kwenye ukurasa ule kulikuwa na makala ya mtu mwingine kabisa, inahusu samaki.

"Dokta, nilipewa na AI."

"Sijauliza umepewa na nani, mwanangu. Umeisoma?"

Katika sita, za kweli zilikuwa mbili. Nilidhani inaingia maktaba na kunichukulia kitabu, kumbe inaunganisha maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeo la uongo linafuatana vizuri tu kama la kweli. Mawakili wa New York waliingia mtego huohuo mwaka 2023: waliwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, wakapigwa faini ya dola 5,000. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma kabla, nikawacheka.

Tangu hapo nikawa mwoga. Sura ya matokeo niliiandika kwa mkono wangu, kutoka kwenye daftari ambalo bado lina chumvi, halafu nikaipitisha kwenye programu moja ya bure ya kukagua. Ikasema sehemu kubwa imeandikwa na mashine! Hivi vikaguzi navyo si vya kuapia. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Sasa natunza kila rasimu na tarehe yake, nikiulizwa nionyeshe.

Kitu kingine: iliwahi kunipangia ratiba ya mahojiano, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nadhifu kweli. Lakini wanawake wale wanaolima mwani wanafuata bamvua, siku ambazo maji hukupwa mbali kuliko kawaida, hawafuati Jumatatu. Maji yakishakupwa wako shambani wanafunga mbegu kwenye kamba, na mtu wa kukaa nawe kujibu maswali humpati mpaka maji yajae.

Nimeacha kulipia, natumia ya bure. Naipa nyota tatu kati ya tano. Marejeo siiombi tena, na kuniandikia aya siiombi. Kwenye ukurasa wa tamko, pale tunaposaini kwamba kazi ni yetu wenyewe, nimeongeza sentensi kusema imenisaidia kusahihisha lugha. Msimamizi aliisoma, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na mengine.

Ninachoiomba siku hizi ni ijifanye mtahini wa nje. Juzi imeniuliza kwa nini nimehoji wanaolima tu, na wale walioacha mwani nikawaruka. Jibu sikuwa nalo. Bamvua lijalo narudi shamba na daftari.